Swali la nyuki asiyezaa: kazi ya William Hamilton

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na nyote mliofika, asanteni kwa kuniita.

Mliniomba nizungumzie kazi ya mtafiti wa mageuko ya viumbe wanaoishi kijamii, tangu anapoanza masomo mpaka anapokuwa profesa. Ngazi za vyeo mnazijua, zimeandikwa kwenye kanuni za kila chuo, na sitazirudia. Nimeamua kumzungumzia mtu mmoja, William Donald Hamilton, kwa sababu karibu kila kinachowasumbua wanafunzi wanaokuja kuniona kilimpata yeye pia: wasimamizi wasioona maana ya mada yake, makala iliyokwama kwa wahakiki, mwenzake aliyetangulia kuchapisha wazo linalokaribiana na lake, na miaka mingi ya uhadhiri bila kupandishwa cheo. Alipita humo mote akiwa ameshika swali moja. Ninataka tulifuate swali hilo, tuone lilimpeleka wapi.

Nyuki mfanyakazi hutafuta nekta, husafisha masega, hulisha mabuu, na adui akiusogelea mzinga humchoma, kisha hufa, maana mwiba wake una ndoana zinazonasa kwenye ngozi ya mnyama na kuchomoa sehemu ya matumbo yake. Hufa bila mtoto. Sasa, ikiwa uteuzi asilia huwapa nafasi wale wanaoacha uzao mwingi, tabia ya kiumbe asiyezaa hurithiwa kwa njia gani? Darwin aliliona tatizo hili. Mwaka 1859 aliandika kwamba mwanzoni lilimwonekea kuwa ugumu usioshindika, wenye kuiua nadharia yake nzima. Jibu lake lilikuwa kwamba uteuzi unaweza kupitia familia: jamaa wa yule asiyezaa ndio wanaoendeleza tabia zake. Alikuwa amekaribia sana. Kilichokosekana ni hesabu, na hesabu isingewezekana kabla watu hawajajua jinsi urithi unavyofanya kazi.

Hamilton alizaliwa Cairo tarehe 1 Agosti 1936, wazazi wake wakiwa na asili ya New Zealand, akakulia Kent, kusini mwa Uingereza, akikusanya vipepeo na mbawakawa. Alipokuwa Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1950 alikutana na kitabu cha Ronald Fisher cha mwaka 1930 kuhusu uteuzi asilia na urithi. Walimu wake hawakukithamini. Kwao Fisher alikuwa mtaalamu wa takwimu aliyeingia shamba lisilo lake. Kijana huyu alikisoma kwa makini akagundua kwamba maelezo aliyokuwa akiyasikia darasani, kwamba mnyama hujitolea kwa faida ya spishi yake, hayapatani na hesabu za Fisher. Jeni, yaani kipande cha urithi, inayomfanya mwenyewe ajitoe mhanga kwa faida ya kila mtu ingetoweka upesi, kwa kuwa wale wasioibeba wangenufaika bila kulipa chochote.

Akataka kufanya uzamivu juu ya jambo hilo. Hapa ndipo ninapowaomba wasimamizi tuliomo humu tusikilize vizuri. Alijiandikisha London, akawa kati ya London School of Economics na Maabara ya Galton ya University College, akibadilishiwa wasimamizi, huku pasiwe na aliyeielewa vyema mada yake. Meza ya kukalia hakuwa nayo. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba maktaba zilipofungwa alikwenda kukaa kwenye ukumbi wa abiria wa stesheni ya Waterloo, apate kuwa karibu na watu, na huko akaendelea na hesabu zake. Nadharia ambayo leo imo katika kila kitabu cha mwenendo wa wanyama iliandikwa kwa sehemu kwenye benchi la stesheni.

Nisiwaonee wale wazee. Zilikuwa zimepita takribani miaka 15 tangu vita kuu ya pili, na kuzungumzia jeni za tabia kuliwatia watu hofu yenye sababu. Jina la Galton lenyewe lilibeba historia ya harakati za kuamua binadamu gani wazae na gani wasizae. Na ni kweli kwamba Hamilton, katika maandishi yake ya baadaye, alitoa maoni kuhusu tiba na urithi wa binadamu ambayo mimi siyakubali hata kidogo. Tunaweza kuipokea hesabu ya mtu bila kuyabeba maoni yake yote.

Hesabu yenyewe tuitazame, maana ni fupi na nzuri. Mtoto ana nusu ya jeni za mzazi wake. Ndugu wa baba na mama mmoja nao, kwa wastani, wanashiriki nusu. Binamu wa kwanza wanashiriki sehemu moja ya nane. Basi jeni inaweza kuenea kwa njia mbili: kumsaidia anayeibeba azae, au kumfanya amsaidie jamaa yake azae, kwa kuwa huenda jamaa huyo anabeba nakala yake. Hamilton alionyesha kwamba tabia ya kujitolea itaenea iwapo faida anayoipata msaidiwa, ikizidishwa kwa kiwango cha ujamaa wao, inazidi hasara ya msaidizi. Katika makala yake ya 1964 alitoa mfano wa mtu anayetoa uhai wake: hasara hiyo hulipika akiokoa ndugu zaidi ya wawili, au ndugu wa mzazi mmoja zaidi ya wanne, au binamu zaidi ya wanane.

Kisha akageukia nyuki, nyigu na sisimizi. Dume wa wadudu hawa hutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana seti moja tu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na mbegu zake zote zinafanana. Mabinti wa dume mmoja na malkia mmoja hupata urithi uleule kutoka kwa baba na nusu inayofanana kutoka kwa mama, hivyo dada na dada wanashiriki robo tatu. Nyuki ana ujamaa mkubwa na dada yake kuliko ambao angekuwa nao na binti yake mwenyewe! Wasomaji wengi waliishia hapo wakadhani fumbo limekwisha. Halikuwa limekwisha, na nitalirudia, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya miaka iliyofuata imo kwenye dosari za robo tatu.

Historia ya kuchapishwa kwa kazi hii inauma. Mwaka 1963 Hamilton alitoa muhtasari mfupi katika jarida la Marekani, na makala ndefu akaipeleka kwenye jarida la baiolojia ya nadharia. Mhakiki alishauri igawanywe mara mbili. Hamilton alikuwa ameshakwenda Brazil, na alifanya masahihisho huko huku akitafiti nyigu na nyuki katika maabara ya Warwick Kerr, mjini Rio Claro. Wakati yeye akisahihisha, mwanabaiolojia John Maynard Smith alichapisha katika jarida la Nature, Machi 1964, makala iliyotumia istilahi mpya ya uteuzi wa kindugu, yaani uteuzi unaopitia jamaa. Makala mbili za Hamilton zilitoka Julai mwaka huohuo. Baadaye ilijulikana kwamba Maynard Smith ndiye aliyekuwa mhakiki. Katika makala yake aliutaja muhtasari wa 1963, kwa hiyo sisemi kwamba aliiba, lakini Hamilton aliumia kwa miaka mingi. Nawasihi wahariri na wahakiki mliopo: anayesoma mswada wa kijana kabla ya dunia nzima amekabidhiwa amana. Kama una wazo linalokaribiana na lake, mwandikie mhariri, sema, na usubiri.

Dunia haikuupokea mswada huo kwa shangwe pia. Kwa karibu miaka kumi makala za 1964 zilitajwa na watu wachache mno. Mmoja wa wachache hao alikuwa Edward Wilson wa Harvard, bingwa wa sisimizi, aliyezisoma mwaka 1965 akiwa ndani ya treni kutoka Boston kwenda Miami. Alianza safari akiwa na nia ya kutafuta kosa. Alipofika Miami alikuwa amekubali, na mwaka huohuo akazitetea mbele ya wataalamu wa wadudu jijini London, Hamilton mwenyewe akiwa amekaa ukumbini.

Tangu 1964 Hamilton alikuwa mhadhiri wa Imperial College, kwenye kituo chake cha Silwood Park, na alikaa huko zaidi ya miaka kumi. Uzamivu wenyewe aliupata mwaka 1968. Ufundishaji wake haukusifiwa. Alisema kwa sauti ya chini, akigeukia ubao. Kwa vipimo tunavyovitumia sasa, vya idadi ya makala kwa mwaka na alama za wanafunzi, sijui ni chuo gani kingemwongezea mkataba. Lakini miaka hiyohiyo aliandika makala ya 1967 kuhusu uwiano wa madume na majike, ambayo mimi naiona kuwa safi kuliko zote alizoandika. Alieleza kwamba ikiwa watoto wa mama mmoja, kama ilivyo kwa nyigu wengi wadogo wanaotaga ndani ya wadudu wengine, hupandana wao kwa wao kabla ya kutawanyika, mama hana sababu ya kuzaa madume wengi wa kugombania dada zao. Atazaa wachache wa kutosha. Akina mama wakiongezeka mahali hapo, madume nao waongezeke. Utabiri huu unapimika kwa kuhesabu wadudu tu, na umepimwa mara nyingi ukakubali. Ndani ya makala hiyohiyo kulikuwa na mbegu ya matumizi ya nadharia ya michezo, yaani hesabu za mbinu za wanaoshindana, katika baiolojia, miaka kadhaa kabla haijapata jina.

Wakati huo alitokea George Price, Mmarekani aliyehamia London, asiye na mafunzo ya baiolojia, aliyesoma makala za 1964 akashtuka, kisha akajitungia upya hesabu nzima ya uteuzi. Mlinganyo wake ulitoka mwaka 1970. Hamilton aliuona ukubwa wake mara moja na akautumia kuiandika upya nadharia yake: kinachohesabiwa ni kufanana kwa jeni kati ya mtoaji na mpokeaji, iwe kumetokana na ukoo au na sababu nyingine. Price alikuja kuwa mcha Mungu mno, akagawa mali yake kwa watu wasio na makazi, na akajiua Januari 1975. Hamilton na Maynard Smith walikuwa miongoni mwa watu wachache waliokuja kumzika. Nataja haya kwa sababu wanafunzi wetu wengine wako peke yao kuliko tunavyodhani, na mara nyingi wenye vipaji vikubwa ndio wasioonekana kwenye vikao.

Sasa zile dosari. Ya kwanza ilitoka kwa hesabu yenyewe: dada wanashiriki robo tatu, lakini kaka na dada wanashiriki robo moja, kwa hiyo anayelea idadi sawa ya kaka na dada anarudi palepale penye nusu. Robert Trivers na Hope Hare waliliandika wazi mwaka 1976. Ya pili ilitoka porini. Nyigu wa Brazil aliowachunguza Hamilton walikuwa na viota vyenye malkia wengi, na humo ujamaa ni mdogo. Hakulificha jambo hilo, alilitaja kuwa gumu kwa nadharia yake. Ya tatu ni mchwa. Mchwa dume na jike wote wana seti mbili za kromosomu kama sisi, hakuna robo tatu, na bado wana mfalme, malkia, askari na wafanyakazi. Leo wengi wetu tunaona ufunguo umo mahali pengine: jamii hizi zilianzia kwa mama aliyepandana na dume mmoja, hivyo kila ndugu aliyelelewa alikuwa na thamani sawa na mtoto. Utafiti wa William Hughes na wenzake wa mwaka 2008, uliofuata nasaba za nyuki, nyigu na sisimizi, ulionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa mwanzoni kwenye nasaba zote walizozichunguza. Malkia wa nyuki wa asali wanaopandana na madume wengi walikuja baadaye, wafanyakazi walipokuwa hawana tena njia ya kurudi nyuma.

Mnyama aliyenivuta mimi kwenye fani hii ndiye anayeifuata hoja hiyo. Mwaka 1978 Hamilton alihamia Chuo Kikuu cha Michigan, mwishowe akiwa profesa, na huko alikuwepo Richard Alexander, mtaalamu wa wadudu. Katikati ya miaka ya 1970 Alexander alikuwa amejiuliza kwenye mihadhara yake: kama mamalia angekuwa na jamii ya namna ya mchwa, angekuwaje? Akajibu kwamba angekuwa mnyama mgugunaji, anaishi chini ya ardhi ngumu ya nchi za joto, anakula viazi vikubwa vya porini, na adui yake ni nyoka. Baada ya mhadhara mmoja huko Arizona, Terry Vaughan, mtaalamu wa mamalia aliyekuwa ametoka Kenya, alimwambia kwamba hayo ni maelezo ya fuko asiye na manyoya. Kumbe Jennifer Jarvis alikuwa amewachunguza fuko hao tangu miaka ya 1960, Kenya kwanza na baadaye katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Makala yake ya 1981 katika jarida la Science ilithibitisha: katika kundi ambalo mara nyingi hufikia wanyama 70 au 80, jike mmoja tu ndiye anayezaa, akipandwa na madume wachache, na waliobaki huchimba, huleta chakula na kulinda. Utabiri ulikuwa mzuri, ndiyo, lakini ungebaki hewani kama mwanamke mmoja hangekuwa amekaa miaka na wanyama ambao hakuna aliyewajali. Kazi ya Jarvis naiweka sawa na ya Alexander, na nasikitika kwamba vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja.

Wahenga wanasema undugu ni kufaana, si kufanana. Hadi hapo Hamilton alikuwa ameshughulikia kufanana. Michigan ilimpa nafasi ya kushughulikia kufaana, pale Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa, alipoandaa mashindano ya programu za kompyuta zinazochagua ama kushirikiana ama kusaliti. Iliyoshinda, ya Anatol Rapoport, ilikuwa fupi kuliko zote: anza kwa kushirikiana, kisha mtendee mwenzako alivyokutendea mara iliyopita. Makala yao ya pamoja ya 1981 ilionyesha jinsi ushirikiano unavyoweza kuota hata kati ya wasio jamaa, mradi watakutana tena. Mwaka uliofuata, pamoja na Marlene Zuk, aliyekuwa mwanafunzi, alichapisha wazo kwamba rangi kali za ndege dume ni tangazo la damu isiyo na vimelea.

Wengi hudhani vimelea vilimtoa kwenye swali lake la mwanzo. Sikubaliani nao. Kundi la dada wanaofanana na kubanana kwenye mzinga mmoja ni karamu kwa ugonjwa: kimelea kikimweza mmoja kimewaweza wote. Kwa hiyo ujamaa wa karibu, ambao ndio uliozaa jamii, ndio huohuo unaoihatarisha, na Hamilton aliliandika hilo katika miaka ya 1980 alipokuwa amerudi Uingereza. Mwaka 2007 Thomas Seeley na David Tarpy walionyesha kwamba mizinga ya malkia waliopewa mbegu za madume wengi ilistahimili ugonjwa wa bakteria unaoua mabuu vizuri kuliko mizinga ya malkia wa dume mmoja. Swali lilikuwa lilelile, likitazamwa upande wa pili.

Heshima zilikuja kwa pamoja, kama zinavyokuja. Alichaguliwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1980, akawa profesa wake wa utafiti huko Oxford kuanzia 1984, na mwaka 1993 akapata tuzo ya Crafoord ya Akademia ya Sayansi ya Sweden, inayotolewa kwa fani zisizofikiwa na Nobel. Nadharia yake haikupata kupumzika hata hivyo. Mwaka 2010 Wilson, yuleyule wa treni, akiwa na Martin Nowak na Corina Tarnita, aliandika katika Nature kwamba hesabu ya ujamaa haihitajiki. Wanasayansi zaidi ya 130 walitia saini jibu la kuwapinga mwaka uliofuata. Mimi nasimama na hao 130, ila naona Wilson alitutendea wema kwa kutulazimisha tuonyeshe hesabu zetu tena.

Januari 2000, akiwa na miaka 63, Hamilton alikwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ikiwa vitani, kukusanya kinyesi cha sokwe. Alitaka kupima dhana kwamba virusi vya UKIMWI viliwaingia binadamu kupitia chanjo ya polio ya miaka ya 1950. Wengi waliipuuza dhana hiyo. Yeye alisema ipimwe. Alirudi akiwa mgonjwa, akalazwa London, na akafariki tarehe 7 Machi. Michael Worobey, aliyekuwa naye safarini, aliendelea na kazi, na mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha jibu: virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya tawi tofauti na lile lililozaa janga la UKIMWI. Dhana ilianguka, tena kwa kipimo alichokitaka yeye mwenyewe.

Maswali yaliyobaki ni mengi. Hatujui vya kutosha jinsi mchwa wa kwanza walivyovuka kutoka familia hadi jamii, ingawa leo tunajua ni wa nasaba ya mende. Fuko wa Damaraland, huko kusini mwa Afrika, wana jike mmoja anayezaa kama wale wasio na manyoya, lakini huepuka kupandana ndani ya ukoo, na kulinganisha spishi hizi mbili bado kuna kazi ya miaka. Nyigu wenye malkia wengi, waliomsumbua Hamilton tangu Rio Claro, bado wanatusumbua. Kwa wakuu wa idara nina ombi moja: mwanafunzi wa uzamivu apewe mwaka wake wa kwanza akae na wanyama wake kabla hajadaiwa makala. Na ninyi vijana, anayetaka kulishika mojawapo ya maswali hayo anione baada ya kikao, tuanze kupanga.